Sifuri ya Mwoka Mikate

Mke wangu ni profesa wa uchumi, na kazi yake ni kuuliza watu maswali yasiyo na adabu. Humwendea mtu asiyemjua, aliyejikalia zake mlangoni, akamuuliza angekuwa tayari kulipa kiasi gani ili kijito cha nyuma ya nyumba yake kisikauke. Au angetaka alipwe kiasi gani ili akubali moshi wa mtambo wa umeme upite juu ya paa lake. Wengine hucheka, wengine humtimua. Yeye huandika yote, hushukuru, huhamia nyumba ya pili. Majibu hayo hugeuzwa hesabu, na kwa hesabu hizo serikali huambiwa mtambo ujengwe wapi na kodi ya moshi iwe kiasi gani. Mimi ni mwoka mikate. Nimeeleza kazi yake kama nilivyoielewa, na nikikosea atanisahihisha, maana kunisahihisha hajawahi kuchoka.

Taabu ni kwamba kwa miaka mitatu hakuwepo nyumbani kunisahihisha, na nilimtamani mpaka nikawa kero kwa watu wa bekari yangu.

Tulikutana kwa sababu ya umeme. Wakati huo alikuwa mhadhiri msaidizi, mwembamba, ameshika kibao cha kuandikia kama mtu aliyeshika ngao. Umeme ulikuwa umekatika nikiwa na trei kumi ndani ya tanuri, mikate nusu imeiva nusu mbichi, na jenereta imegoma uani. Katikati ya balaa hiyo akaniuliza ningelipa kiasi gani kwa mwezi ili umeme usikatike tena. Nikamwambia ningempa kila mfanyakazi wa shirika la umeme mkate mmoja kila siku ili wakae macho. Akaandika.

"Dada, huo ni mzaha," nikamwambia.

"Najua, kaka. Lakini mkate nao una bei."

Nilimpenda papo hapo, sifichi. Akarudi wiki iliyofuata kuhakikisha jibu langu, akarudi tena kuhakikisha aliyohakikisha, na safari ya tatu alikuja bila kibao.

Tulipooana nilipata cheo ambacho sikukiomba. Kila dodoso jipya, kabla ya kupelekwa kwa watu, lilijaribiwa kwanza kwangu. Jumapili mchana, meza ya jikoni ikishafutwa, alikaa upande mmoja na karatasi zake, mimi upande wa pili na chai yangu, na aliniita "ndugu mhojiwa" kana kwamba hatukulala kitanda kimoja. Nimeulizwa kuhusu mitungi ya gesi, mkaa, paneli za jua na mabasi ya dizeli. Nimeulizwa habari za vitukuu nisiokuwa nao, ningekubali kujinyima nini leo ili wao wasiungue kwa joto. Swali likinikera alijua limekaa vibaya, akalifuta na kuliandika upya. Mwishoni alisema, "Asante kwa ushirikiano wako," nami nikadai ujira, na ujira niliupata, ila huo si wa kuandikwa hapa.

Nyota yake ikapanda. Aliandika kwamba ruzuku ya dizeli inawanufaisha wenye magari matatu kuliko wasio na hata baiskeli. Serikali ikamsikiliza, ruzuku ikaondolewa, na mkate wangu ukapanda bei wiki hiyo hiyo. Mtaani wakampachika jina, Profesa Bei. Wateja walinikodolea macho kana kwamba tulipanga njama kitandani. Mama anayekaa kwenye kaunta yangu, ambaye tunamwita Bi Chenji kwa kuwa hajawahi kuwa na chenji tangu aajiriwe, aliwaambia, "Msimlaumu huyu. Nyumbani kwake hana kura." Jioni mke wangu akaja, akapanga foleni kama wengine, akalipa bei mpya mbele yao wote na kutoka kichwa juu. Nilijivunia mpaka basi, ingawa nilijifanya nimenuna.

Lakini kilichomjengea jina hasa ni bonde. Palitakiwa kujengwa bwawa la umeme, umeme safi usio na moshi, na watu wa bondeni wahamishwe. Wakaulizwa wangetaka walipwe kiasi gani. Wengi wakajibu sifuri. Wenzake chuoni wakashangilia: watu hawa hawalijali bonde lao, hesabu imekuwa rahisi. Mke wangu hakuridhika. Alirudi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akaongeza swali moja tu: kwa nini? Wakamwambia makaburi ya wazazi hayauzwi, na anayeulizia bei yake ndiye mwenye aibu. Alikuja nyumbani macho yamevimba. Akaandika kwamba kuna sifuri za namna mbili, ya asiyejali na ya aliyegoma, na kwamba mchumi anayezichanganya atazamisha watu huku akidhani anawafanyia hisani. Hizo za pili aliziita sifuri za kugoma. Bwawa likahamishiwa kwenye korongo lisilo na watu, na tangu hapo hakuna mtafiti wa nishati anayeandika juu ya mambo hayo bila kumtaja.

Ndipo taasisi moja ya ng'ambo ikamtaka. Akaongoze utafiti wa vitu vinavyopotea kwa mabadiliko ya tabianchi, mashamba, visima, vijiji vizima, na namna ya kuvipa thamani ili wakubwa wanapogawana gharama wasivisahau. Miaka mitatu. Hakuna aliyeiweza kazi hiyo kama yeye, na ninalisema hilo nikiwa na hasira. Alinipa habari hizo Jumapili, jikoni, nikiwa nakata unga wa skonzi. Akaweka viganja juu ya meza, na badala ya kusema nami kama mke, akasema kama yuko kazini.

"Ndugu mhojiwa, ungetaka ulipwe kiasi gani ili ukubali mkeo akae mbali miaka mitatu?"

Mimi nitaje bei? Niliendelea kukata unga bila kumtazama.

"Sifuri," nikasema.

"Sifuri?"

"Sifuri kabisa. Hata senti moja. Wewe nenda."

"Asante kwa ushirikiano wako," akasema. Tukacheka wote wawili, kicheko kile cha watu wanaotafuta mlango. Mwezi uliofuata alipanda ndege.

Sikujua kwamba mtu huweza kukosa vitu vidogo kiasi kile. Niliikosa sauti yake akibishana na redio wakati wa taarifa ya habari. Nilivikosa vitabu vyake kitandani, vile vilivyonichoma mbavu na ambavyo nilivilalamikia miaka nenda rudi. Alipenda ncha ya mkate, ile ngumu iliyoiva sana, na kila siku nilikuwa nikimkatia na kuiweka kando. Mkono haukujua kwamba ameondoka. Niliendelea kukata, nikaendelea kuweka kando, na mchana Bi Chenji aliila bila kusema neno, na Bi Chenji si mtu wa kukosa la kusema.

Tulipigiana simu, lakini tulizungumza habari za hamira, mikutano na mvua. Alinitumia picha ya meza yake mbele ya dirisha. Nikaikuza kwa vidole nione kama kuna kikombe cha pili. Hakikuwepo. Nikafurahi, halafu nikamwonea huruma kwa kunywa chai peke yake, halafu nikajionea huruma mimi. Alipokuja likizo aliuliza taulo ziko wapi, kama mgeni, nami nilijikaza kisabuni nikamwonyesha. Mtu aliyesema sifuri ataanzia wapi kulia?

Mwaka wa tatu ulipokuwa ukiyoyoma alikuja na habari mpya. Taasisi inamtaka aendelee miaka mingine mitatu, na jibu linatakiwa Ijumaa.

"Unaonaje?" aliniuliza akitoa nguo kwenye sanduku.

"Kazi ni yako."

Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitaka kumwambia abaki. Ni neno moja tu, na badala yake nikamuuliza kama ameshakula.

Chuo chake cha zamani kilimwomba atoe mhadhara Jumanne. Nilivaa koti, nikakaa nyuma kabisa, chini ya feni iliyokuwa inalia kuliko kupuliza. Alizungumza vizuri. Huwa anazungumza vizuri, hata akinigombeza. Akafika kwenye bonde, habari ambayo naijua kwa moyo, na nilikuwa nusu nasinzia aliponyanyua kidole.

"Mtu akikwambia sifuri, usifunge dodoso. Muulize kwa nini. Hilo si swali la hiari. Asiyeliuliza hajakusanya takwimu, amekusanya uvivu wake mwenyewe."

Wanafunzi wakaandika. Mimi nilikaa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Bonde lile nililisikia mara nyingi sana, lakini sikuwahi kujihesabu kuwa miongoni mwa watu wa bondeni. Nikairudia ile Jumapili akilini, neno kwa neno. Aliuliza, nikajibu, akarudia jibu langu, akanishukuru. Basi. Miaka yote mitatu nilikuwa nimejilaumu kwa kiburi changu, kumbe na yeye aliruka swali.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Profesa, wewe mwenyewe umewahi kusahau kuuliza?"

"Hapana," akasema mke wangu, haraka mpaka watu wakacheka. "Sijawahi."

Mkono wangu ukapanda. Naapa sikuuamuru. Mwenyekiti akaninyooshea kalamu. "Mzee wetu pale nyuma, karibu."

Nikasimama na koti langu. "Mimi," nikasema. "Mimi hukuniuliza."

Vichwa vyote vikageuka. Mke wangu alivua miwani. "Huyo ni mume wangu," alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakidhani ni utani wa ndoa. Yeye hakucheka. Alimwambia mwenyekiti kwamba muda umekwisha, na haukuwa umekwisha.

Aliazima ufunguo wa ofisi aliyokuwa akiitumia zamani. Ilikuwa ya mtu mwingine sasa, kuta zimepakwa rangi mpya, na hatukujua tukae wapi. Tukasimama.

"Ilikuwa ya kugoma?" akaniuliza.

"Wewe ulidhani ya nini? Nikupachike bei kama mkate?"

"Hukunitazama hata mara moja. Ulikuwa unakata skonzi."

"Si wewe bingwa wa mambo haya? Bonde zima uliwarudia nyumba kwa nyumba. Mimi tuko nyumba moja, mke wangu! Nyumba moja!"

Nilipaza sauti, na nadhani hadi mlinzi alisikia. Nilimsubiri anijibu kwa ukali, maana ukali wake najua pa kuushika. Badala yake akakaa kwenye kiti cha mwenye ofisi na kuyatazama mapaja yake.

"Sikusahau," alisema. "Swali nilikuwa nalo mdomoni. Nililimeza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungenijibu. Ungesema unanihitaji, ningebaki. Na mimi nilitaka kwenda, mwenzangu. Nilitaka mpaka usingizi ulinihama. Ukasema sifuri, nikaidaka kama mwizi, nikaondoka nayo."

Hasira zangu zilikuwa zimejipanga kukutana na kosa. Hazikujipanga kwa hilo. Nilimtazama, na nikaona kwamba ameshikilia jambo hilo peke yake muda wote niliokuwa nakuza picha ya meza yake.

"Sasa niambie," alisema. "Usinitajie namba. Niambie tu."

"Sitaki uende," nikasema. "Nimechoka kula peke yangu. Nimechoka kuona upande wako wa kitanda umenyooka. Nataka urudi nyumbani ukae." Sauti ikanikatika, mimi mtu mzima, katikati ya ofisi ya watu.

Akaja akanikumbatia. "Basi siendi," alisema uso ukiwa ndani ya koti langu. "Ijumaa nitawaandikia."

Jumatano nilioka kama bwana harusi. Alishinda nami bekarini. Alizunguka tanuri, akasoma mita, akanihubiria kwamba keki zangu naoka saa ambazo umeme ni ghali kuliko saa zote. Akahamia kwenye kaunta kumuuliza Bi Chenji mbona hana chenji.

"Profesa," Bi Chenji akamjibu, "wewe ndiye uliyepandisha kila kitu. Chenji itatoka wapi?"

Tulicheka mbavu ziume. Nilimwangalia akijifuta machozi kwa aproni yangu, unga umemshika nyusi, na nikawaza kwamba sina ninachokitaka tena duniani.

Alhamisi mchana alikuwa na kikao cha kompyuta na vijana wake wa ng'ambo. Alikuwa hajawaambia. Nilimpelekea chai, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Mmoja wao alikuwa akisoma jibu la mwanamke ambaye maji ya chumvi yameingia kisimani kwake na sasa shamba halioti kitu. Walimuuliza angetaka kulipwa kiasi gani. Yeye akawauliza wao wanauza mama zao bei gani. Vijana hawakujua waandike nini.

"Msiandike kitu," mke wangu alisema, amesogea mpaka anataka kuingia ndani ya kioo. "Rudini kwake. Hapana, msiende na dodoso. Nendeni mkakae. Mwambieni awaonyeshe kisima, awaambie nani alikichimba..." Mikono yake ilikuwa hewani. Uso wake ulikuwa ule wa msichana aliyeniambia kwamba mkate nao una bei. Tangu arudi sikuwa nimeuona uso huo, hata bekarini, hata alipokuwa akicheka. Halafu akakumbuka. Mikono ikashuka. "Yaani," akasema, "atakayekuja baada yangu atawaelekeza."

Kikao kikaisha. Hakuondoka. Alibaki anatazama kioo kilichozimika, kiganja kimoja juu ya meza. Namna ile ya kukaa niliijua vizuri sana, kwa sababu ndivyo nilivyokaa mimi miaka mitatu mbele ya kiti chake. Niliirudisha chai jikoni.

Usiku huo sikumwambia kitu. Nilitaka kuwa naye usiku mmoja bila kulisema, na sijutii.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mezani, barua imefunguliwa kwenye kompyuta, mistari miwili tu.

"Futa hiyo," nikamwambia. "Waambie unakwenda."

Aligeuka. "Lakini Jumanne ulisema..."

"Niliyosema Jumanne hayajabadilika hata kidogo. Sitaki uende. Nitaumia, nitawagombeza wateja, Bi Chenji ataacha kazi. Nenda hivyo hivyo."

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilikusikia jana."

Hakubisha, na kwa kutobisha kwake nikajua nimeona sawasawa. Alianza kulia kwanza bila sauti, kisha na sauti. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, na nilikaa hapo mpaka alipomaliza kuwaandikia.

Aliondoka Jumapili. Uwanjani nililia mbele ya askari wa ukaguzi, ambaye kwa heshima aligeuka akatazama mizigo. Mke wangu alilia upande wa pili wa kioo, akapiga busu kwenye kiganja, akapotea na watu wengine.

Siku hizi hunipigia simu alfajiri, kabla sijawasha tanuri.

"Habari za asubuhi?" huniuliza.

"Mbaya," humjibu.

"Hata huku," husema. Tunakaa kimya kidogo, kisha kila mtu anaanza kazi.